Mlango wa Mali: Kilwa, Zimbabwe na Jiwe la Tabaka

Ukishuka kutoka mjini Kisii kwenda Tabaka, katika Mugirango Kusini, utaliona jiwe kabla ya kuwaona wachongaji wake: vumbi jeupe limetanda juu ya majani ya migomba, juu ya mabati ya nyumba na juu ya nyusi za vijana wapandao kutoka mashimoni, hata mgeni asiyejua huweza kudhani kwamba kijiji kizima kimeamkia kusaga unga. Jiwe lenyewe ni laini, kucha huweza kulikwaruza, na likiloweshwa huteleza mkononi utelezi ule uliolipa jina la jiwe la sabuni. Liko jeupe, liko la kijivu, liko la rangi ya waridi, na liko lenye mishipa myekundu kama nyama iliyochinjwa sasa hivi. Sururu na mtaimbo hulibandua, mabega hulipandisha, panga hulipunguza, na baada ya hapo huwa kazi ya kisu kidogo na subira kubwa.

Niliketi nusu siku kando ya mzee mmoja mchongaji, aliyekuwa amebana bonge la jiwe baina ya magoti yake akilifukua ndani kwa kisu kilichopindwa ncha. Hakuwa na rula wala bikari. Kila baada ya kitambo aliubana ukuta wa bakuli kwa kidole gumba na kidole cha shahada, akapuliza vumbi, akagonga kwa kifundo cha kidole na kutega sikio. Sauti ikiwa nzito aliendelea kufukua, ikiwa nyembamba aliuacha upande ule akageukia mwingine. Alipomaliza alimpa mkamwana wake, aliyekuwa na beseni la maji na vipande vitatu vya msasa, wa kwanza mkali, wa pili wa wastani, wa tatu laini hata hausikiki mkononi, naye akaanza kulisugua ndani ya maji kwa mwendo wa duara, pasipo haraka, huku mtoto amelala mgongoni. Katika mazungumzo nikamtajia mzee kwamba wako watu wengine wa zama za kale, mbali kusini, waliochonga jiwe la namna hii, nao walichonga ndege. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza swali moja tu: "Na wao, mwalimu, walimwuzia nani?"

Safu hii ni jibu langu, nami naomba radhi kwa mzee yule kwamba limechelewa na limekuwa refu.

Ndege wale ni wanane, wamechongwa katika jiwe la sabuni juu ya nguzo za jiwe hilo hilo, na wengi wao walisimama juu ya kilima cha mji wa Zimbabwe Kuu, mahali pa ibada na enzi, katika nchi ambayo leo imechukua jina la mji huo na kumtia ndege mmoja katika bendera yake. Hawakuuzwa kwa mtu. Kwa muda wa karne kadhaa walikuwa alama ya ufalme, na alama ya ufalme haipelekwi sokoni. Walianza kuwa bidhaa mwaka 1889, mwindaji mmoja mzungu alipomng'oa mmoja wao, na ndege yule akaishia mikononi mwa Cecil Rhodes, aliyemweka katika nyumba yake ya Groote Schuur huko Cape Town. Kwa hiyo jibu fupi la swali la mzee ni kwamba wachongaji wa kale hawakumwuzia mtu jiwe lao. Kilichouzwa kilikuwa dhahabu na pembe za ndovu, na waliopata fakhari kubwa katika biashara hiyo hawakuwa wale waliochimba.

Hapo ndipo penye kiini cha habari hii yote, nami nitakisema mapema ili msomaji asinitafute katika msitu wa tarehe: katika kuinuka kwa miji ya Waswahili na falme za Washona, mali haikukaa shimoni ilikochimbwa, wala haikukaa melini ilikopakiwa, bali ilikaa mlangoni, mahali ambapo kila apitaye, apende asipende, hana budi kusimama.

Mlango wa kwanza uliwekwa na pepo. Kaskazi huvuma kutoka mwisho wa mwaka hadi mwezi wa Machi, ikiteremsha vyombo kutoka Arabuni, Ajemi na Bara Hindi. Kisha kusi hugeuza mambo, ikavirudisha vilikotoka. Nahodha wa Aden au wa Gujarat aliyeshuka na kaskazi aliweza kufika Kilwa, akauza, akanunua, akarejea kwa kusi ya mwaka ule ule. Lakini aliyetamani kwenda mpaka Sofala, kwenye dhahabu yenyewe, ilimbidi aongeze msimu mzima wa kungoja, na chombo kilichofunga nanga mwaka mzima ni chombo kinachokula mali ya mwenyewe. Kwa sababu hiyo watu wa Kilwa hawakuwa na haja ya kuwa na mgodi hata mmoja. Walikuwa na kisiwa chenye bandari salama, mahali hasa ambapo msimu wa mgeni humwishia, na mitepe yao iliyoshonwa kwa kamba za nazi ilikwenda Sofala na kurudi kwa hesabu ya wenyeji, wakakusanya dhahabu kidogo kidogo na kuiweka ghalani hata wageni wafike.

Mwandishi Mreno João de Barros, wa karne ya 16, anasimulia jinsi Kilwa ilivyopata habari za Sofala. Watu wa Mogadishu ndio waliokuwa wakifanya biashara huko, wakiificha siri yao. Siku moja mvuvi wa Kilwa akanasa samaki mkubwa kupita nguvu zake, naye kwa kutotaka kumwachilia akaburutwa na samaki, na baada ya samaki akachukuliwa na mkondo, hata akatupwa Sofala, akayaona kwa macho yake mambo yaliyokuwa yakifichwa. Sina haja ya kuapa kwamba samaki yule alipata kuwapo. Ila hadithi yenyewe ni ya watu wajuao biashara, kwa kuwa katika hadithi hiyo kilichopatikana ni habari, na hazina ilifuata nyuma. Hata kisa cha asili ya mji huo, kilichomo katika tarehe ya Kilwa, ni kisa cha dukani: Ali bin al-Hasan, aliyetoka Shiraz, alikinunua kisiwa kwa mwenye nchi kwa vitambaa vilivyotosha kukizunguka. Miji mingine ya dunia husimulia kwamba ilianzishwa kwa upanga au kwa muujiza; Waswahili wa Kilwa walitaka tujue kwamba kwao kulipimwa nguo.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba pwani ilikuwa tupu ikingoja wageni waje kuijenga. Katika mji wa Shanga, kisiwani Pate, ambako Mark Horton alichimba katika miaka ya 1980, ulifukuliwa msikiti mdogo wa karne ya 8, wa nguzo za miti na udongo, na juu yake misikiti mingine ikafuata, kila mmoja mkubwa kuliko uliotangulia, hata ikafika ile ya matumbawe na chokaa. Na watu waliosali katika ule wa kwanza walikuwa wakila mtama, wakivua samaki na kufinyanga vyungu vya namna ile ile iliyokuwa ikifinyangwa bara. Uchunguzi wa nasaba uliofanywa katika mifupa ya makaburi ya kale ya pwani na kutangazwa mwaka 2023 ulionyesha kwamba tangu takriban mwaka 1000 wanaume wa Kiajemi walioa wanawake wa Kiafrika, na watoto wakalelewa katika lugha ya mama zao. Wale waliokuwa wakidai kwamba Uswahili wote ulishuka jahazini, na wale waliokuwa wakidai kwamba hakuna aliyeshuka, wote wawili walipata kitu cha kujifunza. Lugha haikuwa na tashwishi tangu mwanzo: ni ya Kibantu, na ndiyo sababu ng'ombe wa Lamu ni ng'ombe, wa Nyamira ni eng'ombe, na wa Mshona ni mombe.

Katika kilele cha utajiri wake Kilwa ilikuwa na Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abu al-Mawahib, yaani baba wa vipawa, na Ibn Battuta alipofika mwaka 1331 aliusifu mji kuwa miongoni mwa miji mizuri kabisa, akamsifu na sultani kwa ukarimu. Kasri lake, Husuni Kubwa, liko bado juu ya jabali likitazama bahari: vyumba zaidi ya 100, birika la kuogea lenye pembe nane, na upande wa kusini uwanja mkubwa uliozungukwa na vyumba vya kuwekea mali. Mimi sidhani kama kuna ushahidi ulio wazi kuliko uwanja huo. Mfalme aliyelala ukuta mmoja na maghala yake ni mfanyabiashara kwanza na mfalme baadaye, na yamkini mwenyewe asingaliona aibu kuambiwa hivyo. Ila msafiri yule yule aliyemsifu ameandika pia kwamba sultani alikuwa akifanya vita dhidi ya watu wa bara na kuchukua ngawira, na alipokuwa akigawa vipawa vyake, pamoja na pembe za ndovu vilikuwamo viumbe, watumwa waliotekwa. Mlango wa mali una kizingiti, na juu ya kizingiti kile wako walioangukia uso; mwandishi anayeipamba Kilwa bila ya kuwataja anaandika tangazo la hoteli.

Mzee wa Tabaka angependa kujua kwamba katika bidhaa za bahari ile yalikuwamo mabakuli kama yake. Watu wa kaskazini ya Bukini, ndiyo Madagaska ya leo, walichonga vyombo vya jiwe laini, vingine vyenye miguu mitatu, na vigae vyake vimefukuliwa Kilwa na katika miji mingine ya pwani, vikiwa vya karne ya 11 na zilizofuata. Jiwe zito likavuka bahari katika chombo cha kushonwa, ili mtu wa mjini apate kuweka mezani kitu ambacho jirani yake hana. Tabia hiyo ya mwanadamu ndiyo inayomlisha mkamwana wa mzee hadi leo.

Tuvuke sasa upande wa pili, bara. Katika bonde la mto Limpopo, karne ya 10 na 11, walikaa wafugaji na wakulima waliokuwa wakiwinda ndovu na kupeleka pembe pwani, na malipo yao yalikuwa ushanga wa kioo kutoka ng'ambo. Katika kijiji chao kimoja, ambacho wachimbaji wa mambo ya kale wamekipa jina kavu la K2, mafundi waliuchukua ushanga mdogo wa wageni, wakauyeyusha, wakaumimina katika kalibu za udongo na kutoa shanga kubwa walizozitaka wao. Kila nisikiapo kwamba Mwafrika wa kale alidanganywa kwa ushanga, hukumbuka kalibu zile. Aliyepokea kitu, akakihukumu kuwa hakijakamilika na kukiumba upya, hakuwa mtu wa kupumbazwa na mng'ao.

Jirani ya K2 kikainuka kilima cha Mapungubwe, katika karne ya 13, ambako mfalme alikaa juu na watu chini, naye alizikwa pamoja na kifaru mdogo wa dhahabu aliyekuja kuonekana katika miaka ya 1930; na Mapungubwe ilipofifia enzi ilihamia kaskazini, Zimbabwe Kuu, ambayo ilistawi hata karne ya 15. Dzimba dza mabwe, nyumba za mawe: Mswahili asikiapo hahitaji mkalimani. Ukuta wa nje wa boma lake kubwa una mzunguko wa mita 250 hivi, na mahali pengine kimo chake chafika mita 11, nao umejengwa kwa vipande vya jabali vilivyopangwa kimoja juu ya kimoja pasipo chokaa wala udongo. Ndani ya mji huo zimeonekana sahani za Uchina, vyombo vya Ajemi, ushanga, na katika udongo wake ikaonekana sarafu moja ya shaba yenye jina la yule yule al-Hasan bin Sulaiman wa Kilwa. Sarafu moja tu! Nadhani ni mfanyabiashara aliyeisahau katika mkunjo wa kikoi chake, au aliyempa mtoto wa mwenyeji wake achezee. Kwa maana Washona hawakuwa na shughuli na sarafu. Benki yao ilikuwa zizi.

Nalikazia hilo kwa sababu vitabu vya shule hupenda kusema kwamba dhahabu ilijenga Zimbabwe, na kusema hivyo ni kutaja paa na kusahau nguzo. Ng'ombe walikuwako kwanza. Mwenye ng'ombe wengi aliwakopesha wasio nao, akaoza wanawe, akapata wakwe, akapata vijana wa kuchunga na kupigana, na kwa hao akapata sauti juu ya wengine. Biashara ya pwani ilipofika ilimkuta mtu huyo amekwisha kuwa mkubwa, ikampa nguo na ushanga wa kugawa, vitu ambavyo havizaliwi zizini, na mgawaji wa vitu adimu huzidi kutukuka. Wachimbaji wa dhahabu wenyewe walikuwa wakulima ambao mavuno yakiisha huingia katika mashimo membamba au huchekecha mchanga wa mito, kisha mvua ikinyesha hurudi mashambani. Hawakukaa Zimbabwe Kuu. Waliokaa huko ni waliosimama baina ya mashimo na pwani, yaani mlangoni tena.

Wazungu waliofika huko katika karne ya 19 walishindwa kuamini waliyoyaona. Karl Mauch, mwaka 1871, alitaka iwe nyumba ya Malkia wa Sheba; wengine wakawataja Wafoinike, au watu wowote wale maadamu si wenyeji. David Randall-MacIver alichimba mwaka 1905 na kusema kwamba ni kazi ya Waafrika, na Gertrude Caton-Thompson akalithibitisha jambo hilo mwaka 1929, lakini serikali ya walowezi haikupendezwa na ukweli huo hadi ilipoondoka. Pwani nako hadithi ilikuwa ya namna hiyo, ila yenye adabu kidogo, ikidai kwamba miji ile ilikuwa makoloni ya Waarabu. Na miongoni mwa waliokuja kuisahihisha yumo Mkenya mwenzetu Chapurukha Kusimba, katika kitabu chake cha mwaka 1999 juu ya kuinuka na kuanguka kwa dola za Waswahili.

Na sisi wa Kisii na Nyamira? Swali hili huulizwa na wanafunzi kwa sauti ya huzuni, kana kwamba wanauliza kwa nini baba hakuwaachia urithi. Kwanza tuweke miaka mahali pake. Kilwa iliporwa na Wareno mwaka 1505, na masimulizi ya wazee wetu, ambayo marehemu William Ochieng' aliyakusanya na kuyapanga katika kitabu chake cha mwaka 1974 juu ya historia ya Wagusii, yanawaonyesha mababu wakishuka kutoka upande wa mlima Elgon, wakikaa nyanda za karibu na ziwa, wakijaribu Kabianga ambako mazao yaliwakatisha tamaa na mifugo ikafa, ndipo wakatulia katika vilima hivi, jambo lililokamilika karne mbili na zaidi baada ya Kilwa kuporwa. Kwa hiyo hatukukosa karamu ile kwa uzembe. Ilikuwa imekwisha.

Lakini hata kama tungalikuwapo, je, tungalikuwa na nini? Tungalikuwa na karibu kila kitu. Wagusii walikuwa na wimbi la kujaza maghala, katika nchi ambayo mvua haiikimbii. Walikuwa na wahunzi waliofua majembe, mashoka na mikuki. Walikuwa na ng'ombe, waliolindwa na vijana katika kambi zilizoitwa ebisarate, na mahari ikalipwa kwa ng'ombe hao. Na jiwe la Tabaka lilikuwa hapo, likichongwa viko na mabakuli. Walikuwa na biashara pia. Mpakani, penye mteremko wa kuingia nchi ya Waluo, nafaka na chuma vilishuka, na kutoka chini vikapanda chumvi, vyungu, samaki na mifugo, na miaka ya njaa watu wa upande uliopungukiwa waliwaendea wale wa upande uliojaliwa, hata walipokuwa wamepigana mwezi uliotangulia. Ila biashara ile ilikuwa ya ujirani: ilivuka mpaka mahali pengi, kila ukoo na jirani yake, Abagetutu kwao, Abanchari kwao, Abagirango kwao. Palipo na vichochoro 100 hapana mlango, na pasipo mlango hapana bawabu wa kutajirika.

Anayetaka kuuona mlango ulioko karibu na awatazame jirani zetu wa Wanga. Misafara ya Waswahili ilipoanza kufika magharibi ya Kenya katika karne ya 19, njia yake kuu ilipita kaskazini yetu, ikifika kwa Nabongo, yaani mfalme wa Wanga, na Mumia aliyetawala tangu mwaka 1882 aliwapokea, akawapa chakula na mahali pa kupumzika, akapata bunduki na nguo, na mamlaka yake yakapanuka kama yalivyopanuka ya mabwana wa Zimbabwe. Watu wa Wanga hawakuwa na akili kutuzidi. Walikuwa njiani.

Na ikiwa ni kuta zinazotakikana, ziko. Kaskazini magharibi ya Migori, mwendo wa saa chache kutoka Kisii, liko boma la Thimlich Ohinga, kuta za mawe makavu zenye unene wa mita moja hadi tatu na kimo ambacho mahali pengine chapita mita nne, zimepangwa pasipo chokaa kwa ufundi ambao mjenzi wa Zimbabwe angeutambua kwa kuupapasa tu. Lilijengwa katika karne ya 16, limekaliwa na watu wa Kibantu na kisha Waluo, na mwaka 2018 UNESCO ililitia katika orodha ya urithi wa dunia. Kuta zile zilizuia maadui, wezi na wanyama wakali. Hazikujengwa kumtukuza mfalme, kwa sababu mfalme hakuwapo. Wanafunzi wetu hupakiwa katika mabasi usiku kucha kwenda kuitazama ngome ya Wareno huko Mombasa, na wengi wao hufa wakiwa wazee hawajakanyaga Thimlich.

Basi mimi sihuzuniki kwamba hatukupata Kilwa yetu. Nchi isiyo na mlango haina sultani wa kugawa dhahabu, lakini pia haina sultani wa kuwateka watu wa bara akawagawa pamoja na pembe. Na bakuli la mchongaji wa Tabaka wa zama zile lilipokwisha kuchongwa lilikaa nyumbani, likapakuliwa uji.

Huzuni yangu ni ya leo, kwa sababu leo mlango tunao. Tazama Keroka, mji uliokalia mpaka wa kaunti zetu mbili, ambao serikali za Kisii na Nyamira zimeuvutania kwa miaka, mipaka yake na ushuru wa soko lake: wazee wa Sofala wangecheka, wakauliza kama bado hatujachoka na mchezo huo wa kale. Na tazama Tabaka yenyewe. Jiwe lake linajulikana London na Chicago, lakini hujulikana kwa jina la mji wa Kisii, ambao hauna hata shimo moja la jiwe hilo. Hununuliwa kwa mchongaji na dalali, dalali akamwuzia mwenye duka Nairobi au Mombasa, mwenye duka akamwuzia mpeleka bidhaa ng'ambo, na kila mkono unaolipokea unasimama mlangoni, wakati mikono iliyolifukua ikiwa ile ile ya mchimba dhahabu wa Mshona, iliyorudi shambani mvua iliponyesha. Wako wachongaji walioungana katika vyama vya ushirika na kutafuta wanunuzi wao wenyewe, nami nawapa heko. Ni wachache, na mashimo ni mengi.

Nilimwambia mzee haya yote kwa ufupi, naye akanisikiliza huku kisu chake kikiendelea. Alipoona nimemaliza aliniuliza habari za yule ndege wa Elkana Ong'esa, mtoto wa nchi hii, aliyechongwa katika miaka ya 1970 akapelekwa Paris, katika makao ya UNESCO. Nikamwambia kwamba yuko, na kwamba jina lake ni Enyamuchera, ndege wa amani, kwa Ekegusii chetu, na Wafaransa wanalitamka wawezavyo. Mzee akafurahi sana kwa hilo la jina. Akalichukua bakuli lililokwisha kusuguliwa, akaligeuza chini juu, akanionyesha kitako chake: kilikuwa kitupu, laini, cheupe, hakina alama. Akasema kwamba dukani watabandika kikaratasi.

Nimevitazama vikaratasi hivyo katika maduka mengi. Vinataja Kenya. Basi, msomaji, siku utakaponunua bakuli la namna hiyo, ligeuze kabla hujalipa, na ukikosa kuliona neno Tabaka, mwulize mwenye duka limekwenda wapi.